Jasho Chini ya Kinyago: Rekodi za Waigizaji Waliotutisha

Orodha za filamu za kutisha kwa kawaida hupangwa kwa damu: ipi imeua wengi, ipi imewatoa watu ukumbini, ipi imepigwa marufuku wapi. Orodha hizo sina ugomvi nazo. Lakini tangu siku za kibanda umiza, tulipobanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja huku mfasiri akitupigia simulizi juu ya sauti ya filamu, mimi swali langu lilikuwa jingine. Yule aliye ndani ya lile zimwi ni nani? Akivua jioni, anarudi nyumbani na hali gani?

Kwa miaka mingi nimefuatilia yale ambayo waigizaji hao walisimulia wenyewe, hasa uzeeni, walipokuwa hawana tena cha kuficha. Rekodi ninazozileta hapa nimezipima kwa jasho lao.

Kiti cha saa nne

Wa kwanza ni Mwingereza aitwaye William Henry Pratt, mzaliwa wa Camberwell, London, Novemba 23, 1887. Dunia inamjua kwa jina la Boris Karloff. Studio ya Universal ilipomchukua kuwa jitu katika *Frankenstein*, mwaka 1931, alikuwa na umri wa miaka 43. Alikuwa ameshapita katika makumi ya filamu bila mtu kulishika jina lake, na kazi zilipokauka alipakia mizigo na kuendesha lori ili apate mlo.

Kila siku ya kazi alianza kwa kukaa saa nne hivi mbele ya Jack Pierce, fundi wa vipodozi. Pierce alimjengea paji la uso kwa pamba na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha akampaka rangi ya kijani ambayo kwenye filamu nyeusi na nyeupe hutoka kama ngozi ya maiti. Mengine yalikuwa mawazo ya Karloff mwenyewe. Aliona macho yake yanang'aa akili mno kwa kiumbe kilichozaliwa jana, akaomba kope zitiwe nta zilemee. Upande mmoja wa mdomo alikuwa na meno ya bandia. Akayatoa, shavu likabonyea, na lile shimo la uso tunalolijua sote likapatikana bila gharama yoyote. Juu ya hayo weka viatu vizito vya kumburuzisha miguu na suti nene, halafu kumbuka kwamba walianza kupiga picha California mwezi wa Agosti.

Karibu na mwisho wa filamu jitu linambeba muumba wake na kumpandisha mlima hadi kwenye kinu cha upepo. Mwigizaji aliyebebwa, Colin Clive, alikuwa mtu mzima mwenye uzito wake, na tendo hilo lilirudiwa mara nyingi usiku. Mgongo wa Karloff uliumia. Aliishi na maumivu hayo mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa tazama alivyolipwa heshima. Majina ya waigizaji yalipopita mwanzoni mwa filamu, mbele ya jitu paliwekwa alama ya kuuliza. Kwenye uzinduzi hakualikwa. Miaka minne baadaye, katika *Bride of Frankenstein*, studio ilimtangaza kwa neno moja tu: KARLOFF. Kutoka alama ya kuuliza hadi jina lisilohitaji jina la kwanza, ndani ya miaka minne! Kwangu hiyo ndiyo ngazi iliyopandwa kwa kasi kuliko zote katika sanaa hii.

Hata hivyo rekodi yake ninayoivulia kofia zaidi haimo kwenye filamu yoyote. Mwaka 1933 waigizaji wa Hollywood waliunda chama chao, Screen Actors Guild, wakati ambapo mwajiri angeweza kukuweka kazini usiku na mchana na usiwe na pa kulalamika. Karloff alikuwa miongoni mwa waanzilishi, mwanachama nambari 9. Nyota wa siku zile walikuwa na mengi ya kupoteza kwa kujitokeza hivyo, naye alikuwa ndiyo kwanza ameonja umaarufu baada ya njaa ya miaka 20. Alijitokeza kwa sababu alijua kwa mwili wake saa za kazi zisizo na mwisho maana yake nini.

Na hakuwahi kuliona aibu lile jitu. Alilitaja kama rafiki bora aliyewahi kuwa naye. Alieleza pia kwamba barua zilizomgusa kuliko zote zilitoka kwa watoto, kwa kuwa wao waliona hadi ndani ya vipodozi wakamhurumia kiumbe aliyefukuzwa na kila mtu, hata na aliyemuumba. Watu wazima walikuwa wanapiga mayowe. Watoto ndio waliomwelewa.

Mrefu kuliko wote, mkimya kuliko wote

Christopher Lee alizaliwa London Mei 27, 1922, akakua hadi kimo cha sentimita 196. Alipotafuta kazi ya uigizaji baada ya Vita Kuu ya Pili, aliambiwa ni mrefu mno. Kwa karibu miaka 10 akawa mtu wa kupita nyuma ya wenzake. Kimo hichohicho ndicho kilichomfungulia mlango mwaka 1957, kampuni ya Hammer ya Uingereza ilipotaka mtu mkubwa awe kiumbe cha Frankenstein. Mwaka uliofuata akawa Dracula, na kwa kampuni hiyo peke yake alilivaa joho la Dracula katika filamu 7, kuanzia 1958 hadi 1973.

Katika ya pili, *Dracula: Prince of Darkness* ya mwaka 1966, hasemi hata neno moja. Dracula mzima, jina lake kwenye bango, na kinywa kinafunguka kwa ajili ya meno tu. Lee alishikilia kwamba maneno aliyoandikiwa yalikuwa mabovu kiasi kwamba alikataa kuyatamka. Mwandishi wa filamu, Jimmy Sangster, alishikilia kwamba hakumwandikia maneno yoyote. Wote wawili wamekwenda na ushahidi wao. Ninachojua ni kwamba ukimya ule unafanya kazi: Dracula anakuwa kama mnyama mwenye adabu, na macho mekundu yanabeba yote. Macho yenyewe yalitokana na lenzi za kuvaa, ambazo Lee alisimulia kuwa zilimuumiza na kumnyima kuona anakokwenda.

Kwa nini basi aliendelea, kama hakupenda? Jibu lake alilitoa mara nyingi na halikubadilika. Kila alipokataa, wakubwa wa kampuni walimpigia simu kumwambia kwamba filamu imeshauzwa Marekani kwa jina lake, na akijitoa atawakosesha kazi mafundi na wahudumu wote anaowafahamu. Alikiita kitendo hicho kwa jina lake halisi, yaani kumshika mtu kwa huruma yake. Akakubali. Mtu anaweza kumlaumu kwa filamu mbili tatu dhaifu za mwishoni, ila mimi siwezi tangu niliposoma habari hiyo. Nyuma ya yule bwana anayeogopwa kulikuwa na watu wenye kodi za nyumba za kulipa, na yeye aliwakumbuka.

Alichotaka hasa ni kumwigiza Dracula kama alivyoandikwa na Bram Stoker. Alimwona kama mtu mpweke, aliyehukumiwa kutokufa, mwenye huzuni asiyoweza kumweleza yeyote. Huzuni hiyo ukiitafuta kwenye uso wake utaikuta hata katika filamu zisizostahili kuwa nayo. Mwaka 1973 alicheza *The Wicker Man* bila kulipwa hata senti, kwa sababu aliuamini muswada wake, na hadi uzeeni aliihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Kazi aliyoiona muhimu kuliko zote lakini haina zimwi ndani yake: ni kumwigiza Mohammed Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, katika filamu ya mwaka 1998.

Alifariki Juni 2015 akiwa na miaka 93 na filamu zaidi ya 200. Miaka miwili kabla, wimbo wake wa Krismasi wa mtindo wa metali ulikuwa umeingia katika mojawapo ya chati za Billboard, mwimbaji akiwa na miaka 91.

Siwezi kumwacha Lee bila kumtaja Peter Cushing. Walikutana kwenye filamu ile ya 1957. Lee aliingia akilalamika kwamba hakupewa hata sentensi moja ya kusema, na Cushing, aliyekuwa ameshausoma muswada, akamwambia ana bahati. Wakawa ndugu kuanzia hapo. Walicheza pamoja filamu zaidi ya 20, na katika nyingi kati ya hizo mmoja alikuwa akimuua mwenzake. Cushing alizaliwa Mei 26, Lee Mei 27, na Vincent Price, gwiji mwenzao wa Marekani, Mei 27 vilevile. Mwaka 1994 Lee na Cushing waliketi mara ya mwisho pamoja, huko Canterbury, kurekodi sauti za makala ya filamu kuhusu historia ya Hammer. Cushing alifariki Agosti ya mwaka huohuo.

Na huyo Vincent Price, kama humfahamu kwa jina, sauti yake unaifahamu. Ndiyo inayosema na kucheka mwishoni mwa wimbo "Thriller" wa Michael Jackson, wa mwaka 1982, kwenye albamu iliyouzwa kuliko nyingine zote duniani. Sitafuti zaidi: hiyo ndiyo sauti ya kutisha iliyofika masikioni mwa watu wengi kuliko zote.

Ngozi moja, miaka mingi

Hapa ushindani ni mkali. Robert Englund alikuwa Freddy Krueger katika filamu 8, kuanzia 1984 hadi 2003. Doug Bradley alikuwa Pinhead wa *Hellraiser* katika filamu 8 pia, kuanzia 1987 hadi 2005. Lon Chaney Mdogo ana filamu 5 tu kama mbwa mwitu Larry Talbot, lakini katika zama zile za Universal hakuna mwingine aliyemwigiza, na zaidi ya hapo aliwahi kuwa pia jitu la Frankenstein, maiti iliyofungwa sanda ya Misri, na mnyonya damu katika *Son of Dracula*. Manne yote ya studio moja, kwenye mwili wa mtu mmoja.

Kwa Englund kuna jambo alilolisimulia ambalo linanifundisha kuhusu uigizaji kuliko vitabu. Akiwa kitini, saa zinakwenda, gundi inamwasha, aliwatazama vijana wawili waliokuwa wakipambwa karibu naye, Heather Langenkamp na Johnny Depp, ambaye ile ya 1984 ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Wazuri, wabichi, maisha yote yako mbele yao. Akahisi wivu, akaushika wivu huo akaupeleka mbele ya kamera. Freddy anawachukia vijana kwa sababu wana kesho, na chuki ile ilianzia kwenye kiti cha vipodozi.

Upande wa waliowindwa, taji ni la Jamie Lee Curtis bila mjadala. Alimwigiza Laurie Strode katika *Halloween* mwaka 1978 akiwa na miaka 19, na akamwigiza mara ya saba na ya mwisho mwaka 2022. Miaka 44 ya kumkimbia mtu mmoja! Filamu ya kwanza ilimlipa dola 8,000. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2, kikapakwa rangi nyeupe, na Nick Castle aliyekivaa alilipwa dola 25 kwa siku. Ile ya 2018, Curtis akiwa bibi mwenye mvi na bunduki, iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, na nadhani ni kwa sababu ilichukua kwa uzito jambo ambalo filamu hizi hulisahau: mtu aliyenusurika huishi na hofu hiyo miaka yote inayofuata.

Woga anao kwa urithi. Mama yake ni Janet Leigh, yule anayechomwa kisu bafuni katika *Psycho* ya Alfred Hitchcock, 1960. Tukio lile lina sekunde 45 hivi na lilichukua siku 7 kupigwa picha, Desemba 1959, na damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Leigh alisimulia kwamba alipojiona kwenye filamu iliyokamilika ndipo alipogundua jinsi mtu alivyo hana kinga akiwa chini ya bomba la maji, na tangu hapo akaliepuka bafu la kusimama.

Nani alilipwa vizuri?

Wachache sana. Bela Lugosi, Mhungaria aliyempa Dracula lafudhi yake ya milele, alilipwa dola 3,500 kwa kazi nzima ya filamu ile ya mwaka 1931. Alizikwa mwaka 1956 na joho la Dracula mwilini. Warithi wake walipoishtaki Universal kwa kuuza bidhaa zenye sura yake, Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1979 kwamba haki hiyo haikurithiwa. Sheria ya jimbo ilibadilishwa miaka michache baadaye, na wanaofaidika leo na sura za wazazi wao waliofariki wana deni kwa familia ile.

Aliyejua kupatana ni Tony Todd. Katika *Candyman* ya mwaka 1992 alitakiwa kujazwa nyuki hai mwilini na mdomoni. Kabla ya kutia saini alidai dola 1,000 kwa kila atakapoumwa. Aliumwa mara 23, akalipwa dola 23,000. Kila kijana anayeingia kwenye sanaa hii na asimuliwe habari hiyo kabla ya kupewa kalamu.

Uso uliosahauliwa na Oscar

Mwigizaji wa kwanza kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya kutisha ni Fredric March, kwa *Dr. Jekyll and Mr. Hyde*, na hata hiyo aligawana na Wallace Beery. Kathy Bates aliipata kwa *Misery* ya 1990. Anthony Hopkins aliipata kwa *The Silence of the Lambs* ya 1991, ingawa anaonekana kwa dakika 16 tu hivi. Ni orodha fupi kwa sanaa yenye umri wa karne.

Kwa waigizaji Weusi orodha ni fupi zaidi, na hapa nakiri nina upande. Duane Jones alikuwa mwigizaji mkuu wa *Night of the Living Dead* mwaka 1968 akiwa shujaa mwenye akili na utulivu kuliko wote ndani ya nyumba ile iliyozingirwa na wafu. William Marshall, mwenye sauti nzito na mafunzo ya Shakespeare, alikabidhiwa *Blacula* ya mwaka 1972 ambayo ingeweza kuwa mzaha mtupu. Alisisitiza mhusika wake awe mwana wa mfalme wa Afrika, Mamuwalde, aliyekwenda Ulaya kutafuta biashara ya utumwa ikomeshwe na kujibiwa kwa kuumwa shingoni na Dracula. Jambo alilolidai mwigizaji ndilo lililoipa filamu hiyo uhai wake. Daniel Kaluuya, mtoto wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora kwa *Get Out* ya 2017. Yale machozi yanayomtiririka akiwa kitini, mwili umeganda na macho yanaomba msaada, nimeyatazama mara nyingi na bado sijayazoea.

Halafu yuko Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico na wazazi Wakenya, akakulia Kenya. Mwaka 2019, katika *Us* ya Jordan Peele, aliigiza wanawake wawili wenye uso mmoja: Adelaide, mama anayelinda watoto wake, na Red, aliyepanda kutoka chini ya ardhi. Mmoja anatembea kama mcheza dansi aliyevunjika moyo. Mwenzake anatembea kama mtu anayeogopa kuonekana. Sauti ya Red, inayokwaruza kana kwamba koo halijatumika kwa miaka, aliijenga baada ya kujifunza maradhi yanayokaza nyuzi za sauti, na wanaoishi na maradhi hayo walipolalamika, aliwaomba radhi. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 250. Oscar haikumpa hata uteuzi. Nimeiona filamu hiyo mara nne na sijapata hoja moja ya kuutetea uamuzi ule. Ulikuwa kosa.

Mwaka 2024 alirudi na *A Quiet Place: Day One*, ambamo anatembea jijini akimkumbatia paka katikati ya maangamizi. Kumbe maishani alikuwa anaogopa paka kuliko hayo mazimwi yenyewe, ikambidi azoezwe kidogo kidogo kabla ya kazi kuanza. Baadaye akamchukua paka wa kwake nyumbani.

Kuaga bora kuliko kote

Narudi kwa Karloff, maana hakuna aliyeitazama kazi yake kwa unyofu kama wake. Mwishoni mwa 1967 alikuwa na miaka 80, mapafu mabovu, mguu umefungwa chuma, na mkataba ulikuwa unamdai siku mbili za kazi kwa prodyuza Roger Corman. Corman akazikabidhi siku hizo kwa kijana aliyekuwa hajaongoza filamu yake mwenyewe, Peter Bogdanovich. Kijana akaandika *Targets*: mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, Byron Orlok, anataka kustaafu kwa sababu magazeti yamejaa mauaji ya kweli na haoni tena kama yeye anaweza kumtisha mtu. Wakati huohuo kijana wa kawaida, mpole, mwenye mke na wazazi, ananunua risasi. Kabla ya muswada huo, Agosti 1966, mtu mwenye bunduki alikuwa amepanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas na kuwafyatulia waliokuwa chini.

Ndani ya filamu hiyo Orlok anasimulia hadithi ya kale ya mtumishi wa Baghdad aliyekutana na Mauti sokoni, akakimbilia Samarra, asijue kwamba miadi yao ilikuwa hukohuko. Karloff alikubali kufanya kazi siku tano badala ya mbili. Hadithi yote aliisimulia kwa mkupuo mmoja, kamera ikimsogelea polepole, uso wake ukiwa hauna nta, pamba wala rangi ya kijani. Alipomaliza, mafundi wote wa seti walipiga makofi. Alifariki Uingereza Februari 2, 1969.